Seli inajuaje kwamba ini limekuwa gumu, na inapenyaje humo ndani?

Mwl_Bangwe (Kigoma)

Wakuu, habari za jioni. Naandaa kipindi cha saa mbili kwa wanafunzi wa utabibu mwaka wa pili, mada kichocho cha tumbo. Huku mwambao wa Tanganyika ugonjwa wenyewe hauhitaji kutambulishwa: mayai ya Schistosoma mansoni yanabebwa na damu hadi kwenye ini, yanakwama kwenye vishipa, seli za kinga zinayazingira, kovu linajengeka, ini linakuwa gumu. Mpaka hapo sina tatizo.

Tatizo ni sentensi moja kwenye notsi za somo: ugumu wa tishu huchochea kovu zaidi. Mwanafunzi mwenye akili atauliza: seli haina mkono wala jicho, inajuaje kwamba imekaa kwenye kitu kigumu? Akishajibiwa hilo atauliza la pili: hizo seli za kinga zinapitaje kwenye kolajeni (nyuzi za protini zinazojenga kovu) iliyosukwa kama mkeka mpaka zilifikie yai?

Naomba maelezo ninayoweza kuyasema kwa Kiswahili cha kawaida. Na kama lipo jaribio la darasani lisilohitaji maabara, nitashukuru. Tulichonacho ni friji, mizani ya jikoni na hadubini moja.

Embe_Dodo (Tabora)

Mwalimu, anza na embe. Mtu akitaka kujua kama limeiva halitazami tu, analibonyeza na kusikiliza kidole kinaingia kiasi gani. Seli nayo ni hivyohivyo, ila yenyewe haibonyezi, inavuta. Hapo ndipo penye kiini cha jambo: ugumu hauifuati seli mahali ilipo, seli inatoa nguvu yake kwanza ndipo inapata jibu. Ukiizimia miosini (protini inayovuta ndani ya seli) kwa dawa kama blebistatini, seli iliyokaa kwenye kioo inapoteza uwezo wa kutofautisha kioo na uteute.

Vifaa vyenyewe vimeungana kama mnyororo. Nje kuna uzi wa kolajeni. Kwenye utando wa seli kuna integrini, ambayo kichwa chake kimeshika kolajeni na mkia wake uko ndani. Mkia umeshikwa na talini, talini imeshika uzi wa aktini, na aktini inavutwa na miosini kuelekea katikati ya seli.

Sasa chukua kamba, ifunge kwenye jiwe kubwa ufukweni, vuta. Inakaza papo hapo. Ifunge kwenye matete: unavuta, matete yanakufuata, kamba bado inalegalega. Ongeza sharti moja, kwamba fundo lako ni bovu, linafunguka lenyewe baada ya sekunde mbili tatu. Kwenye jiwe kamba inakuwa imeshakaza kabla fundo halijafunguka. Kwenye matete fundo linafunguka kabla kamba haijakaza. Integrini ndiyo hilo fundo bovu. Haishiki milele, inashika sekunde chache na kuachia.

Anayesoma mkazo wa kamba ni talini. Mwili wake una vifurushi vilivyojikunja, na kile chepesi kuliko vyote hukunjuka kikivutwa kwa nguvu ndogo mno, pikonewtoni 5 hivi. Kikikunjuka, sehemu zilizokuwa zimefichwa ndani yake zinajitokeza na protini nyingine, vinkulini, inazing'ang'ania. Vinkulini inaongeza nyuzi za aktini, integrini nyingine zinajikusanya pale, na mshikio mdogo unakua kuwa nanga ya kweli. Kwa hiyo seli haina namba ya ugumu kichwani. Kuna mbio kati ya mambo mawili: talini kukunjuka na integrini kuachia. Pagumu talini inashinda, palaini integrini inaachia mapema na nanga haijengeki.

Wanafunzi wanaojua pikipiki utawapata kwa neno moja, klachi. Hata wataalamu wenyewe wanauita mfano wa klachi: miosini ni injini, integrini ni klachi, na klachi ikiteleza injini inanguruma lakini pikipiki haiendi.

Njia nyingine ni mifereji ya Piezo kwenye utando. Utando ukitanuka, mfereji unafunguka ndani ya milisekunde na kalsiamu inaingia. Iligunduliwa 2010 na kundi la Ardem Patapoutian, ambaye alishirikishwa Tuzo ya Nobeli ya tiba ya 2021. Halafu habari ikifika kwenye kiini, protini iitwayo YAP huhama: seli ikiwa palaini YAP inabaki nje ya kiini, ikiwa pagumu inaingia ndani na kuwasha jeni za kukua. Hiyo inachukua saa, si milisekunde.

Vipimo vya ugumu vya kuweka ubaoni, kwa kilopaskali (kubwa ni gumu zaidi): ubongo uko chini au karibu na kilopaskali 1, msuli kama 10. Mwaka 2006 seli za shina za uboho ziliwekwa kwenye jeli za ugumu tofauti. Zile za chini ya kilopaskali 1 zilielekea kufanana na neva, za 8 hadi 17 zikaelekea msuli, na za 25 hadi 40 zikaelekea mfupa. Sahani ya plastiki ya maabara ni gigapaskali kadhaa, yaani mara zaidi ya milioni ya ubongo. Ndiyo maana picha za seli zilizotandazwa kama chapati kwenye vitabu zinapotosha kidogo.

Slaidi_Nyekundu

Nashukuru maelezo ya Embe_Dodo, sina la kupunguza. Nina sahihisho kwenye swali lenyewe, Mwalimu. Usiwaambie wanafunzi kwamba ini la kichocho linakuwa gumu kama la sirosisi, yaani ini lililojaa kovu kila mahali. Kwenye kichocho cha mansoni kovu linafuata matawi ya mshipa wa lango (unaoleta damu ya utumbo kwenye ini), na seli za ini zenyewe kwa kiasi kikubwa zinabaki salama. Daktari Symmers alilieleza mwaka 1904 kutokana na maini aliyoyaona Misri, akalifananisha na shina la kiko cha udongo: ukikata ini unaona vijiti vyeupe vyenye tundu katikati. Ndiyo maana mgonjwa anatapika damu kwa presha ya mshipa wa lango huku vipimo vya kazi ya ini vikikaribia kuwa vya kawaida. Ugumu tunaouzungumza ni wa hapo hapo, maikromita chache kutoka kwenye seli, si wa ini zima unalolipapasa chini ya mbavu.

Sasa ile sentensi yako. Kwenye ini kuna seli za umbo la nyota. Zikiwa zimetulia zinatunza vitamini A kwenye matone ya mafuta na hazina makuu. Zikijikuta kwenye tishu iliyokaza zinabadilika, zinapoteza yale matone, zinajaza aktini ya msuli laini, zinaanza kuvuta na kumwaga kolajeni. Kolajeni nyingi, ugumu zaidi, seli nyingine ya jirani inabadilika. Mduara huo.

Kiungo kinachosahaulika ni TGF-beta, ile protini inayoamrisha kovu. Haihitaji kutengenezwa upya kila mara, imeshahifadhiwa kwenye nyuzi zilizo nje ya seli ikiwa imefungwa ndani ya kifuko chake cha protini. Integrini inashika kifuko upande mmoja na kuvuta. Fikiria soda: ukizungusha kifuniko na chupa nayo ikazunguka na mkono wako, hakifunguki. Lazima chupa ishikiliwe. Tishu laini ni chupa inayozunguka. Tishu iliyokaza imeshikilia chupa, kifuniko kinatoka, TGF-beta inaachiwa. Hili lilionyeshwa 2007.

Na jambo la kushangaza kidogo: kwenye panya waliodhuriwa ini kwa kemikali, ugumu ulianza kupanda kabla kolajeni haijaongezeka. Sababu mojawapo ni vimeng'enya vya lisili oksidesi vinavyofunga nyuzi zilizopo zishikamane. Kwa hiyo mishono inakazwa kwanza, kitambaa kinaongezwa baadaye.

Prazikuanteli, dawa ya kichocho, miligramu 40 kwa kilo ya mgonjwa, inaua minyoo wakubwa. Kovu lenyewe haiyeyushi. Kovu hupungua polepole pale mayai mapya yanapokoma kuja, na kwa vijana zaidi kuliko watu wazima.

Jicho_la_Wavu (Ujiji)

Swali la pili niachieni mimi.

Mvuvi wa dagaa anajua kwamba samaki hazuiliwi na urefu wake, anazuiliwa na unene wake ukilinganisha na jicho la wavu. Seli nayo haizuiliwi na ukubwa wake wote. Saitoplazimu ni kama uji, inapita popote. Kinachokwama ni kiini. Ni kigumu mara 2 hadi 10 kuliko saitoplazimu, na ugumu huo unatokana zaidi na lamini A, protini inayotanda ndani ya ganda la kiini.

Kipimo kilichopatikana 2013: seli ikinyimwa vimeng'enya vya kukata kolajeni, inapita mpaka jicho la wavu lifikie takriban asilimia 10 ya eneo la kiini chake kikiwa hakijabanwa. Chini ya hapo inasimama. Kwa seli za saratani zilizopimwa, kikomo kilikuwa maikromita za mraba 7 hivi, kwa limfosaiti T kama 4, kwa nyutrofili kama 2 (zote mbili ni seli nyeupe za damu). Nyutrofili ameumbwa kwa kazi hiyo: kiini chake kimegawanyika vipande vitatu hadi vitano vilivyounganishwa kwa uzi mwembamba, na lamini A anayo kidogo sana. Vipande vinapita kimoja kimoja. Hicho ndicho kile kiini cha ajabu wanachokichora kila siku kwenye slaidi ya damu bila kuuliza kwa nini kiko vile.

Seli ikikuta jicho dogo ina njia tatu. Kwanza, kukata. Fibroblasti (seli zinazotengeneza kolajeni) na seli nyingi za saratani hubeba MMP-14 kwenye utando, kimeng'enya kinachokata kolajeni mbele ya kiini. Pili, kujibana na kujisukuma kama amiba bila kukata wala kushika sana. Seli za kinga ni mabingwa wa hiyo, na mwaka 2008 ilionyeshwa kwenye panya kwamba seli za kinga za aina ya dendriti zilizoondolewa integrini zote bado zilitembea vizuri ndani ya tishu. Tatu, kuzunguka na kutafuta tundu kubwa zaidi, jambo linalofanyika mara nyingi kuliko vitabu vinavyosema.

Mwendo nao unatofautiana. Nyutrofili anaenda kama maikromita 10 kwa dakika. Fibroblasti anaweza kuumaliza mwendo huo huo kwa saa nzima. Yai la mansoni lina urefu wa maikromita 140 hivi, kwa hiyo wanafunzi wanaweza kupiga hesabu wenyewe nani anafika kwanza.

Kujibana kuna gharama. Kiini kikibanwa mno ganda lake hupasuka, vitu vya ndani vinavuja, DNA inaumia. Seli nyingi huliziba ndani ya dakika au saa chache na kuendelea.

Mwl_Bangwe

Asanteni sana, hapa nimepata zaidi ya nilichoomba. Jicho_la_Wavu, dada au kaka, mfano wa dagaa naubeba kama ulivyo.

Je, niseme basi kwamba seli huelekea kwenye ugumu daima? Naona ndivyo mlivyoashiria.

Embe_Dodo

Hapana, neno "daima" liondoe. Mwaka 2000 fibroblasti zilipowekwa kwenye jeli yenye upande laini na upande mgumu, zilihamia upande mgumu, na zikitoka mgumu zikifika mpakani zilirudi. Wengi waliichukua hiyo kama sheria ya seli zote. Lakini neva za jicho la kiluwiluwi wa Xenopus, yule chura wa Afrika, hukunja kona kuelekea tishu laini ndani ya ubongo. Na zipo seli za saratani ya ubongo zinazokwenda kwenye ulaini, kwa sababu kwa seli hizo klachi hushika vizuri zaidi kwenye ugumu wa wastani. Sema: kila aina ya seli ina ugumu unaoifaa. Na kwenye jeraha lenye usaha, kemikali za kuita seli kwa kawaida zina sauti kubwa kuliko ugumu.

Jeli_na_Gololi (Kigoma)

Mwalimu, majaribio matatu. Yote yanafanyika kwa vitu vya dukani na sokoni.

La kwanza, ugumu. Nunua jelatini ya unga kwenye duka la vifaa vya keki. Tafuta makopo mawili yenye kipenyo cha sentimita 6, yaliyonyooka toka chini hadi juu. Kopo la kwanza gramu 7.5, la pili gramu 15, kila moja kwa mililita 150 za maji. Nyunyiza unga kwenye maji baridi kidogo, acha dakika 10 uvimbe, ndipo umalizie maji ya moto yasiyochemka. Ukimwaga unga kwenye maji ya moto moja kwa moja unapata mabonge, na mabonge yanaharibu kipimo. Paka kopo mafuta ya alizeti. Mawese usijaribu, yataganda kwenye friji na kushika jeli. Lala nayo kwenye friji usiku mzima.

Asubuhi itoe koponi iwe mche wa duara, kata juu iwe bapa, urefu sentimita 5. Weka kigae chepesi juu, pima urefu kwa rula, kisha ongeza uzito wa gramu 50. Hesabu: gramu 50 ni nyutoni 0.49, eneo ni mita za mraba 0.00283, mkandamizo paskali 173. Ikishuka milimita 2 kati ya 50, hiyo ni 0.04. Gawa 173 kwa 0.04, unapata kilopaskali 4.3. Ile jeli ya unga wa gramu 15, uzito wa gramu 50 hautaitikisa vya kutosha kusomeka, weka gramu 200. Ugumu wa jelatini hupanda takriban kwa mraba wa kiasi cha unga, kwa hiyo mara mbili ya unga ni kama mara nne ya ugumu. Usizidishe kushuka kwa zaidi ya asilimia 10, hapo hesabu hii haisimami tena. Jelatini za dukani hazilingani nguvu, kwa hiyo tumia namba zako, usinakili zangu.

Adui mkubwa ni joto letu. Jelatini huanza kulainika mapema sana kwa joto la mchana wa Kigoma. Fanya kipimo ndani ya dakika chache tangu itoke kwenye friji, makopo mengine yakingoja kwenye beseni la barafu.

La pili, kukata. Weka kipande cha nanasi bichi cha sentimita 1 juu ya jeli, na pembeni kipande kingine kilichochemshwa dakika 10. Ndani ya saa moja hivi chini ya kile kibichi pana shimo lenye maji, chini ya kilichochemshwa hakuna kitu. Jelatini ni kolajeni iliyopikwa, na kimeng'enya cha nanasi kinaikata. Si MMP-14, ila wazo ni lilelile. Utomvu wa papai nao unakata, lakini kimeng'enya chake kinavumilia moto zaidi, kwa hiyo kipande cha kulinganishia kinaweza kukuangusha mbele ya darasa.

La tatu ndilo watakalolikumbuka. Toboa ubao matundu mawili, milimita 20 na milimita 12. Ingiza gololi ya milimita 16 kwenye puto, jaza maji bila kulikaza, funga, paka sabuni. Lipitishe tundu kubwa: linapita. Tundu dogo: puto linatangulia mbele, linatoa kidomo upande wa pili, kisha linasimama, gololi imekwama. Sasa puto jingine, badala ya gololi weka shanga tatu za milimita 8. Linapita tundu dogo, na ukiangalia vizuri unaona shanga zinapita moja moja. Huyo ni nyutrofili. Usisahau kulainisha kingo za matundu kwa msasa, la sivyo darasa litalowa.

Kolajeni_Baridi

Kwa mwenye maabara anayepita hapa baadaye, jeli ya kolajeni yenye seli ndani, mililita 1 kwa miligramu 2. Kolajeni ya mkia wa panya yenye miligramu 4 kwa mililita: maikrolita 500. PBS (maji ya chumvi ya maabara) mara 10: maikrolita 57. Sodiamu haidroksaidi ya nomali 1: maikrolita 11.5. Seli kwenye chakula chake: maikrolita 431.

Maelekezo mengi yanataka PBS maikrolita 100, yaani sehemu ya kumi ya jumla. Hiyo ni sahihi kama kilichobaki ni maji. Kama kilichobaki ni chakula cha seli, ambacho tayari kina chumvi yake, unazidisha chumvi na seli zinasinyaa. PBS ilingane na kolajeni na alkali tu.

Kila kitu kwenye barafu, mpaka pipeti. Changanya polepole, kiputo kikiingia hakitoki tena. Rangi ya chakula ikitoka njano kuja waridi, pH imekaa vizuri. Ikibaki njano haitaganda, ikiwa zambarau umeua seli. Weka nyuzi joto 37 kwa dakika 30 hadi 45, na katika dakika za mwanzo geuza sahani juu chini mara kadhaa, la sivyo seli zote zinalala sakafuni na utakuwa unapima mwendo wao kwenye plastiki huku ukidhani ni ndani ya kolajeni. Ukigandisha kwa ubaridi zaidi unapata nyuzi nene na matundu makubwa, kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya kuganda, jeli hiyo itupe. Itaganda, lakini si jeli ileile ya jana.

Mwl_Bangwe

Jeli_na_Gololi, swali dogo la mwisho. Uzito ukiachwa dakika tano kipimo kinazidi kushuka taratibu. Nisome lini?

Jeli_na_Gololi (Kigoma)

Soma kwenye sekunde ya 30, kila jeli, kila mara. Kushuka huko kuna vyanzo viwili. Kimoja ni joto: ukitoa uzito na jeli isirudi urefu wake, imelainika, irudishe kwenye friji. Kingine ni tabia ya jelatini yenyewe, inateleza kidogo chini ya mzigo, na tishu za mwili nazo ziko hivyo, ini likiwemo. Seli inayovuta kitu kinacholegea polepole hupata jibu tofauti na ile inayovuta kitu cha mpira, hata kama vyote vilianza na kilopaskali zilezile. Hilo ukitaka kulifundisha, tafuta kipindi kingine.